Unga Hauna Tabia Moja: Jinsi Viwanda Vinavyopima Mtiririko wa Poda

Ukienda sokoni kununua unga wa muhogo kwa kopo, utaona mchezo wa kimyakimya kati ya muuzaji na mnunuzi. Muuzaji anachota kwa mkono mwepesi, anajaza kopo hadi unga unafanya kilima, kisha anafuta kwa kiganja. Mnunuzi mzoefu haridhiki. "Tikisa kidogo, mama." Kopo likigongwa mara tatu juu ya meza, unga unashuka vidole viwili chini ya mdomo, na muuzaji hana budi kuongeza. Hakuna aliyedanganya. Kopo ni lile lile na unga ni ule ule. Kilichotoka ni hewa iliyokuwa imejificha kati ya chembe.

Lifanyie vivyo hivyo kopo la sukari. Utagonga mpaka uchoke, na sukari itashuka kidogo tu.

Tofauti hiyo kati ya unga na sukari ndiyo iliyo ndani ya moja ya vipimo vinavyotumika zaidi duniani kujua kama poda itatiririka au itasumbua. Maabara za dawa hukifanya kipimo hicho kwa mashine inayogonga na kuhesabu, na matokeo yake huitwa kwa majina ya watu, lakini ni kopo la sokoni lile lile. Nimeanza nalo kwa sababu linaonyesha pia udhaifu wake: mnunuzi anajua hewa iliyomo kwenye unga, ila hawezi kujua kama unga huo utashuka wenyewe kutoka kwenye kihenge cha mita kumi siku ya Jumatatu asubuhi. Hayo ni maswali mawili, na viwanda vingi vimepata hasara kwa kudhani ni moja.

Kwa nini poda ni mtihani

Maji ukiyafungulia bomba yanatoka. Hewa ukiisukuma inakwenda. Poda ina hiari yake. Mimina saruji chini, itasimama kama kitu kigumu, na unaweza hata kupanda juu ya lundo lake. Itikise, itajipanga na kupungua ujazo. Ipulizie hewa kwa chini, itachemka na kutiririka kama maziwa, ipite kwenye upenyo ambao dakika moja iliyopita ilikuwa imeuziba. Saruji moja, siku moja, tabia tatu.

Wahandisi wengi husoma kwa miaka namna ya kusafirisha maji na gesi, halafu wanakutana na unga kazini. Mwaka 1985 utafiti wa shirika la RAND la Marekani uliangalia viwanda 40 vya Marekani na Kanada vinavyochakata vitu vikavu, na takriban asilimia 80 ya viwanda hivyo vilikuwa vimepata matatizo ya kushughulikia mali hiyo. Aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha unga, saruji, chakula cha mifugo au sabuni ya unga hashangai. Ushahidi upo ukutani: tazama sehemu ya chini ya hopa (chombo kinachopokea poda kwa juu na kuimwaga kwa chini) yoyote ya zamani, ile sehemu inayofanana na faneli, utaona mabonde madogo madogo ya nyundo. Kila bonde ni siku ambayo poda iligoma na kijana wa zamu akapewa nyundo. Kibaya ni kwamba mabonde hayo yanaingia ndani, yanafanya ukuta usiwe laini, na poda inapata mahali pengine pa kushikilia. Nyundo ya leo inazaa nyundo ya kesho.

Poda hugoma kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni tao: chembe zinashikana juu ya mdomo wa hopa na kufanya upinde kama wa mlango wa msikiti, upinde unaobeba mzigo wote ulio juu yake. Chini hapatoki kitu. Ya pili mafundi wa Kiingereza wameiita tundu la panya, na jina linafaa: katikati panashuka shimo jembamba lililo wima kutoka juu hadi mdomoni, na poda iliyoko pembeni inabaki imesimama ukutani. Kihenge kinaonekana kimejaa, lakini kinachotumika ni kile kijishimo tu. Mali ya pembeni inazeeka, ikiwa ni chakula inaoza.

Tao lina hatari ambayo sitaipita haraka. Mtu anayeingia ndani kulibomoa anasimama juu ya kitu kinachoonekana sakafu, na chini yake ni utupu. Likivunjika anamezwa. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakati mwingine wawili wawili, wa pili akiwa amemfuata wa kwanza kumwokoa. Kwa hiyo kupima mtiririko kabla ya kujenga hopa ni pia kuhakikisha hakuna atakayeombwa kuingia humo na mti mkononi.

Chembe ndogo, ukaidi mkubwa

Sukari ya mezani na sukari ya unga ya kupambia keki ni kitu kimoja kikemia. Moja inakimbia mezani, nyingine inaganda kwenye kijiko. Sababu ni ukubwa wa chembe.

Kila chembe inavutwa na kani mbili. Uzito wake unaishusha. Mvuto wa chembe jirani, ambao hufanya kazi kwa umbali mdogo mno, unaishikilia. Ukipunguza kipenyo cha chembe mara kumi, uzito wake unapungua mara elfu moja, kwa sababu uzito hufuata ujazo. Mvuto wa majirani unapungua mara kumi hivi tu. Kwa hiyo chembe ndogo imekuwa nyepesi sana kuliko ilivyopoteza gundi yake. Ukilinganisha gundi na uzito, ukaidi umeongezeka mara mia. Mpaka wa tabia uko karibu na mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, unene unaozidi kidogo ule wa unywele. Juu ya hapo uzito hushinda na chembe hukimbia. Chini ya hapo gundi inaanza kutawala. Chembe nyingi za saruji ziko chini ya mikroni 90, na ndiyo maana saruji ina vituko.

Ukubwa si kitu pekee. Chembe za mviringo hubingirika, zenye ncha hukamatana. Mafuta, kama yale ya unga wa dona ambao kiini cha hindi hakikuondolewa, huongeza mshiko. Unyevu nao hujenga vidaraja vya maji kati ya chembe. Kila nyumba ya pwani inayotia punje za mchele kwenye kidau cha chumvi inajua jambo hilo. Kinyume chake, poda kavu kupita kiasi inapata umeme tuli na kung'ang'ania kuta za mabomba.

Vipimo vya bei nafuu

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni lundo. Mimina poda kupitia faneli juu ya sahani, kisha pima pembe ya mteremko wa kilima kilichojitengeneza. Vitabu vya viwango vya dawa vya Marekani na Ulaya vinaihesabu pembe ya nyuzi 25 hadi 30 kuwa bora sana. 36 hadi 40 ni ya wastani. Ikizidi 45 poda ina shida, na ikipita 66 ni mbaya kabisa. Mchanga mkavu wa ufukweni huangukia karibu na 34 hivi.

Ni kipimo kizuri kwa mchanga. Kwa unga wenye mshiko, lundo halina pembe moja: linakuwa na kichuguu juu, mporomoko upande mmoja, na tumbo chini. Fundi mmoja atasoma 48, mwenzake 56, wote wakiwa waaminifu. Ukiinua faneli kidogo zaidi matokeo yanabadilika, kwa sababu poda inayoanguka kutoka juu inalishindilia lundo.

Kisha kuna faneli yenyewe: hesabu sekunde. Watengenezaji wa vipuri vya poda ya chuma hutumia faneli ya Hall, wanamimina gramu 50 kupitia tundu la milimita 2.5 hivi na kuandika muda. Hapa panafaa kutaja jambo moja la ajabu. Ndoo ya maji iliyotobolewa chini hutoka kwa kasi ikiwa imejaa na kwa uvivu ikikaribia kwisha. Mchanga haufanyi hivyo. Mtiririko wake ni ule ule kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na ndiyo maana watu wa kale waliweza kupima saa kwa chupa ya mchanga. Mwaka 1961 Beverloo na wenzake wa Uholanzi, waliokuwa wakipima mbegu, walionyesha kwamba kinachoamua ni kipenyo cha tundu: ukikiongeza mara mbili, mtiririko hauongezeki mara nne kama ukubwa wa eneo ungekufanya utarajie, bali zaidi ya mara tano na nusu. Udhaifu wa faneli ni kwamba poda yenye mshiko haitoki kabisa, na jibu unaloandika ni "haikutoka". Poda mbili zisizotoka hazilinganishiki.

Na sasa kopo la sokoni. Maabara huchukua silinda ya mililita 250 na kumimina gramu 100 bila kuitikisa. Tuseme imefika mililita 200: densiti ya kumimina ni gramu 0.50 kwa mililita. Mashine inagonga mara 10, kisha 500, kisha 1,250, na poda inatulia kwenye mililita 150, yaani densiti ya 0.67 hivi. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 1.33, huo ni uwiano wa Hausner, uliochapishwa mwaka 1967. Ukipenda asilimia, poda imepoteza robo ya ujazo wake: 25. Hiyo ni faharasa ya Carr, ya mwaka 1965. Chini ya 10 ni bora sana, 25 ni ya kuvumilika, zaidi ya 38 usiulize.

Mantiki yake inaeleweka. Poda yenye mshiko hukaa na mapango mengi inapomiminwa, kwa kuwa chembe zinashikana zinapogusana badala ya kuteleza hadi chini. Ukiigonga, mapango yanabomoka. Pengo kubwa kati ya densiti mbili ni ishara ya gundi. Gharama ni ndogo, dakika kumi zinatosha, na kijana aliyeanza kazi jana anaweza kuifanya. Sina ugomvi na kipimo hiki kama kinatumika kulinganisha mzigo wa wiki hii na wa wiki jana, wa msambazaji yule yule. Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapochukua 25 yake, anafungua jedwali, anasoma "ya kuvumilika", kisha anaagiza hopa.

Mtu wa Utah na kisanduku chake

Silinda ya maabara ina kina cha sentimita ishirini hivi tu. Poda iliyo chini ya kihenge imebeba mzigo mkubwa zaidi, na unga unaogandamizwa si unga ule uliomiminwa. Uchote kiganjani na uufumbate kwa nguvu: ukifungua mkono, unga wa ngano umebaki na alama za vidole, mchanga mkavu umemwagika. Donge hilo kati ya vidole vyako ndilo mwanzo wa sayansi yote ya vihenge. Maswali ni mawili: umefumbata kwa nguvu gani, na donge lililobaki linahitaji nguvu gani kuvunjika?

Aliyeyageuza maswali hayo kuwa kipimo ni Andrew Jenike, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Matokeo yake yalitoka katika taarifa mbili za chuo hicho, ya mwaka 1961 na ya 1964, na hiyo ya pili bado iko mezani kwa wasanifu wa vihenge.

Kifaa chake ni cha kawaida ukikiona: pete ya chuma imewekwa juu ya kisahani, ndani yake poda, juu yake kifuniko chenye mzigo. Kwanza poda inashindiliwa kwa mzigo unaojulikana. Kisha mzigo unapunguzwa, na pete ya juu inasukumwa kwa ubavu mpaka tabaka la katikati likatike na kuteleza. Unaandika kani iliyohitajika. Unarudia kwa mizigo mingine, na kutoka kwenye nukta hizo unapata namba mbili: kanieneo (kani kwa kila eneo, hupimwa kwa paskali) iliyoishindilia poda, na uimara wa donge lililotokea, yaani kanieneo inayoweza kulivunja donge lisiloshikiliwa pembeni. Siku hizi wengi hutumia kifaa cha pete ya mviringo kinachozunguka badala ya kusukumwa, cha aina aliyoiendeleza Mjerumani Dietmar Schulze, kwa sababu kinaenda haraka na hakimtegemei sana mkono wa fundi. Wazo ni lile lile.

Gawanya ushindiliaji kwa uimara. Ikiwa poda imeshindiliwa kwa kilopaskali 10 na donge lake linavunjika kwa 1, uwiano ni 10, na hapo kwenda juu poda inakimbia. Kati ya 4 na 10 inatiririka kwa urahisi. Kati ya 2 na 4 ina mshiko. Kati ya 1 na 2 ina mshiko mkubwa. Chini ya 1 haitiririki, imekuwa tofali.

Kinachosahaulika ni kwamba uwiano huo haukai mahali pamoja. Poda ile ile inaweza kupata 6 ikishindiliwa sana na 2.5 ikishindiliwa kidogo, kwa kuwa mshiko hauondoki hata mzigo ukiwa mdogo. Ripoti inayosema "uwiano ni 4" bila kutaja mzigo ni sawa na kusema fulani ana kasi ya kumi, bila kusema ni kilomita au maili, kwa saa au kwa siku.

Kwa nini watu wavumilie kazi hii ya nusu siku wakati kugonga silinda ni dakika kumi? Kwa sababu inatoa namba ya kujengea. Tao linaanguka pale uzito wake mwenyewe unaposhinda uimara wake. Tao pana ni zito, kwa hiyo upana wa mdomo unaweza kukokotolewa: kwa hopa ya mviringo, zidisha uimara mara mbili hivi, kisha gawanya kwa densiti na mvutano wa dunia. Chukua poda yenye densiti ya kilo 500 kwa mita ya ujazo, na donge lenye uimara wa paskali 1,000 katika hali ya pale mdomoni. Mbili mara 1,000, gawanya kwa 500 mara 9.8: unapata mita 0.41. Mdomo wa sentimita 20 utaziba, hata upige nyundo namna gani. Wa sentimita 45 utapitisha. Hakuna jedwali la Carr litakalokupa sentimita.

Kisanduku hicho hicho kinapima pia msuguano wa ukuta. Badala ya kisahani cha chini unaweka kipande cha chuma chenyewe kitakachotumika, na poda inateleza juu yake. Hapo unajua hopa iwe na mteremko mkali kiasi gani ili poda yote ishuke kwa pamoja, kilichoingia kwanza kitoke kwanza, badala ya kuteremka katikati tu na kuacha tundu la panya. Nimeona watu wakibishana wiki nzima juu ya unene wa bati bila mtu kuuliza kama uso wake ni laini au umekwaruzwa. Kwa poda, uso una neno kubwa kuliko unene.

Kuna kipimo cha tatu kwenye kisanduku, nacho ni muda. Unaishindilia poda, unaiacha na mzigo wake saa 24, au saa 60, ndipo unaikata. Kiwanda kinachofunga Ijumaa jioni na kufungua Jumatatu kina poda iliyokaa kimya siku mbili na zaidi huku imebeba mzigo, joto likipanda mchana na kushuka usiku, unyevu ukihama kutoka chembe moja hadi nyingine. Mbolea na chumvi hugandamana vibaya katika mazingira hayo. Hopa inayofanya kazi vizuri Jumanne hadi Ijumaa na kugoma kila Jumatatu haijalogwa. Ilisanifiwa kwa kipimo kisicho na muda.

Lazima nimtaje pia Janssen, mhandisi wa Bremen, Ujerumani. Mwaka 1895 alionyesha kwamba kanieneo iliyo chini ya kihenge haiongezeki daima kadiri unavyojaza. Baada ya kina fulani, msuguano wa kuta unabeba karibu kila kilo unayoongeza. Kwa mpimaji, maana yake ni njema: mizigo anayohitaji kuiiga maabara si mikubwa ya kutisha, hata kihenge kikiwa kirefu. Kwa mjenzi, maana yake ni kwamba kuta zinabeba mzigo wa wima ambao zisingeubeba kama ndani pangekuwa na maji.

Kidonge hakijui kihenge

Ningeweza kuishia hapo na kusema Jenike ameshinda. Lakini nenda kwenye kiwanda cha dawa.

Mashine ya vidonge inajaza vitundu vidogo kwa ujazo, si kwa uzito. Kitundu kinapita chini ya poda, kinajaa kwa muda mfupi sana wa sehemu ya sekunde, kinaondoka kugandamizwa. Kikijaa pungufu, kidonge kina dawa pungufu. Viwango vya Uingereza na Ulaya vinaruhusu vidonge vya miligramu 250 au zaidi visivyopakwa ganda vitofautiane na wastani kwa asilimia 5, na vidogo vya hadi miligramu 80 kwa asilimia 10. Nje ya hapo vinahesabiwa, na vikizidi idadi mzigo wote unakataliwa. Hapa poda haijashindiliwa na mzigo wa mita kumi. Iko huru, ina hewa, inakwenda kasi. Kisanduku kinachoikata polepole chini ya kilopaskali kadhaa kinajibu swali ambalo mashine hii haikuuliza.

Ndiyo sababu kukaja vifaa vya kupima poda ikiwa katika mwendo. Kimoja kinachojulikana, FT4 cha kampuni ya Uingereza ya Freeman Technology, kina bapa lililopinda kama pangaboi dogo. Linazama ndani ya poda likizunguka, na kifaa kinapima nishati iliyotumika. Kabla ya kila kipimo bapa lile lile linapita taratibu kuilegeza poda, ili ianze kila mara na historia moja. Hatua hiyo naiheshimu kuliko namba zenyewe. Unaweza pia kupuliza hewa kwa chini na kuona nishati inashuka vipi. Poda ambayo nishati yake inaporomoka karibu na sifuri ni ile itakayomwagika kama maji kupitia vali iliyofungwa nusu, tatizo ambalo wenye saruji na unga laini wanalifahamu. Wengine hutumia pipa la kioo linalozunguka, kamera ikitazama maporomoko: yakija kidogo kidogo na kwa mfululizo, vizuri, yakija kwa mafungu makubwa baada ya kimya, poda ina mshiko.

Vipimo hivi vikipangwa pamoja havikubaliani daima. Poda A inaweza kuishinda B kwenye kisanduku na kushindwa na B kwenye bapa. Anayetafuta kipimo cha kweli atachanganyikiwa, lakini hakuna kilichokosea: kisanduku kimeuliza kuhusu poda iliyolala, bapa limeuliza kuhusu poda inayosukumwa. Wenye printa za 3D za chuma walijifunza hili kwa gharama zao. Mashine zao hutandaza poda tabaka jembamba kama karatasi, na poda iliyofaulu vizuri kwenye faneli ya Hall inaweza kutandazika kwa michirizi.

Parasetamoli ni mfano mzuri wa kazi ya vipimo hivi. Poda yake haitiririki vizuri wala haishikani vizuri inapogandamizwa, na kidonge kimoja kina miligramu 500 za dawa, kwa hiyo hakuna nafasi kubwa ya kuificha ndani ya vichanganyio. Viwanda huilowanisha na gundi, huikausha, na kuifanya punje kubwa zinazokimbia. Njia nyingine kwa poda zenye mshiko ni kuongeza silika laini mno, chini ya asilimia moja: chembe zake ndogo zinakaa juu ya chembe kubwa kama changarawe kati ya mbao mbili, zisigusane. Kisha huja magnesiamu stearati ili vidonge visigande kwenye mashine. Ukiichanganya kwa muda mrefu inafunika kila kitu, na kidonge kinakuwa laini kama chaki. Mtiririko umeupata, kidonge umekikosa.

Hewa ya maabara

Chumba cha maabara chenye kiyoyozi kikali kina unyevu mdogo. Ghala la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika halifanani nacho hata kidogo. Sampuli iliyofunguliwa, ikaachwa kwenye chumba kikavu saa mbili, ikapimwa, itakupa jibu zuri lisilo na kazi. Mwenye kiwanda Nairobi anayemuuzia mchanganyaji wa pwani anapaswa kupima mara mbili, mara ya pili poda ikiwa imekaa kwenye unyevu wa kule inakokwenda. Tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko ile kati ya wasambazaji wawili wanaogombewa kwa bei.

Halafu kuna sampuli yenyewe. Poda yenye chembe kubwa na ndogo hujitenga kila inapotikisika. Ndogo zinapenya kati ya kubwa na kushuka, kubwa zinabaki juu, kama makapi kwenye ungo unaopepetwa. Ndoo iliyofungwa vizuri Tanga ikasafiri kwenye lori hadi maabara ya Dar haina tena poda moja ndani yake. Fundi akichota kwa juu atapima poda moja, akichota chini atapima nyingine, na njia yote kati ya miji hiyo miwili imekuwa ikiigonga. Mashine ya kugonga mara 1,250 itakuta kazi yake imeshaanza kufanywa na matuta ya barabarani. Kwa hiyo kabla ya chochote, fundi anaigeuza ndoo, anaichanganya pole pole, anaigawa nusu, anaigawa tena nusu, na kipande kinachobaki ndicho anachokimimina kwenye silinda bila kuitikisa.